Kabla ya Kuombea Hataza Chombo Chako, Andika Dai Lako

Anayebuni chombo cha kuhifadhia, kiwe pipa la nafaka, ndoo ya maziwa, kreti ya nyanya au sanduku la kubebea samaki, hufika mahali akajiuliza kama kazi yake inastahili hataza. Wengi hujijibu kwa vipimo visivyohusika. Chombo kinafanya kazi vizuri. Wateja wanakisifu. Hakijawahi kuonekana kikiuzwa Kariakoo wala Gikomba. Kimegharimu miaka ya jasho. Yote hayo yanaweza kuwa kweli tupu na bado ombi likakataliwa, kwa sababu mchunguzi wa hataza haanzii huko. Hataza haitolewi kwa chombo kama kilivyosimama mezani. Hutolewa kwa suluhisho la kiufundi lililoelezwa kwa maneno, na maneno hayo huitwa dai. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na makala hii yote ni ya kuutetea: kabla ya kulipa ada yoyote na kabla ya kumwonyesha mtu, kaa chini uandike dai lako kwa sentensi moja, kisha ulipime neno kwa neno. Ukilipima kwa uaminifu, utajua mapema kama una cha kuombea hataza au huna.

Sheria za kwetu hazitofautiani sana katika jambo hili. Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987 na inayosimamiwa na BRELA. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008. Kenya ina sheria ya mwaka 2001 chini ya KIPI, na anayetaka kuomba katika nchi kadhaa kwa ombi moja anaweza kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare. Kote huko masharti ya msingi ni matatu. Uvumbuzi uwe mpya. Uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo angelifikia bila kuumiza kichwa. Na uweze kutumika katika uzalishaji. Sharti la tatu halimsumbui mbuni wa chombo, kwa kuwa sheria hizi hulipa neno kiwanda maana pana inayobeba hata kazi za mikono, kilimo na uvuvi. Kazi yote iko kwenye masharti mawili ya kwanza, na kwa upande wa vyombo kazi hiyo ni ngumu. Watu wamefinyanga mitungi na kujenga vihenge tangu kabla ya maandishi, na katika mfumo wa kimataifa wa kupanga hataza kuna fungu zima, B65D, lililotengwa kwa ajili ya vyombo vya kuhifadhia na kusafirishia vitu. Anayeingia humo aingie akijua kwamba wengi wamemtangulia.

Tuchukue mfano mmoja na twende nao hadi mwisho. Mkulima wa mahindi anajua hasara ya fukusi na ya dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye hutoboa punje hadi zikabaki unga. Dawa si njia pekee ya kumzuia. Nafaka iliyokauka vizuri ikifungiwa mahali pasipopitisha hewa, wadudu waliomo humaliza oksijeni kwa kupumua kwao wenyewe, huacha kula na hatimaye hufa. Hiyo ndiyo kanuni ya mifuko ya PICS iliyotoka Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, kazi iliyoanzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980: mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Udhaifu wake unajulikana na kila anayepika ugali. Kila ukifungua kuchota, hewa inaingia, na kadiri mahindi yanavyopungua ndivyo nafasi ya hewa inavyokua. Sasa fundi wetu wa kufikirika anatengeneza pipa la bati lenye sahani ndani, inayolalia mahindi na kushuka nayo yanapotolewa kwa mlango mdogo wa chini. Pembeni mwa sahani kuna mpira wa kuzibia. Nafasi ya hewa haikui tena. Je, fundi huyu apeleke ombi?

Mwambie aandike dai, na mara nyingi ataandika hivi: pipa la kuhifadhia nafaka kwa muda mrefu bila dawa na bila kuharibiwa na wadudu. Hapo hajaandika uvumbuzi, ameandika matumaini. Sentensi hiyo inataja matokeo yanayotakiwa na kila mtu, wala haisemi pipa limeundwaje hata likayaleta. Dai la kweli hutaja sehemu za kitu, namna zinavyoungana, na kazi ambayo muungano huo unafanya. Fundi akirudi mezani ataandika: pipa la nafaka lenye mlango wa kutolea chini, na ndani yake sahani inayoshuka pamoja na nafaka, yenye mpira wa kuzibia unaogusa ukuta wa pipa ili hewa isijikusanye juu ya nafaka. Hii sasa inapimika. Ina sehemu nne: pipa, mlango wa chini, sahani inayoshuka, mpira wa pembeni. Rangi, ukubwa, jina la biashara na bei havimo, na havitakiwi kuwemo. Kama baada ya kuondoa mapambo yote hakuna sehemu yoyote iliyobaki ya kuandika, basi hakuna cha kuombea hataza, na umejua hivyo kwa gharama ya karatasi moja.

Hatua inayofuata ni kupima upya. Hapa kosa kubwa ni kuangalia soko la nyumbani na kuridhika. Upya wa hataza hupimwa kwa dunia nzima: jambo lililochapishwa kwa Kijapani, lililotumiwa hadharani huko Brazili au lililoelezwa kwenye hataza iliyokwisha muda wake miaka 80 iliyopita linatosha kuuondoa. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo sasa iko wazi bila malipo, kupitia Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya na PATENTSCOPE ya WIPO. Usitafute kwa jina ulilokipa chombo chako, maana hakuna mwingine aliyekiita hivyo. Tafuta kwa kazi ya kila sehemu, kwa Kiingereza na lugha nyingine kama una msaidizi, ukipitia fungu la B65D na lile la A01F 25 linalohusu uhifadhi wa mazao. Soma maelezo yote ya kila hataza unayoikuta, angalia michoro yake, kisha uliza swali moja: je, sehemu zote nne za dai langu zimo humu, ndani ya andiko hili moja? Zikiwemo zote, dai limekufa. Ikikosekana hata moja, dai ni jipya kwa andiko hilo, na unaendelea na linalofuata.

Fundi wetu akitafuta kwa bidii, ataangukia jambo ambalo pengine hakulitarajia. Watengenezaji wa mvinyo wamekuwa na matangi yenye mfuniko unaoelea juu ya kinywaji, wenye mpira wa pembeni unaojazwa upepo ili kuziba ukuta, kwa sababu ileile: mvinyo ukibaki na hewa juu yake huharibika tangi linapopungua. Tangi hilo pia lina bomba la kutolea chini. Limebaki neno nafaka peke yake la kumtofautisha fundi na mtengeneza mvinyo. Wengi wakifika hapa huvunjika moyo, au mbaya zaidi, hufunga kompyuta na kujifanya hawakuona. Mchunguzi ataona. Ni heri uone wewe kwanza, ukiwa bado na nafasi ya kuandika upya sentensi yako.

Na nafasi hiyo ipo. Historia ya vyombo inaonyesha kwamba kujaa kwa fani hakufungi mlango, kunaufanya uwe mwembamba. Mwaka 1858 John Landis Mason alipata hataza Marekani iliyohusu chupa za shingo ya skrubu. Chupa zilikuwepo, skrubu ilikuwepo. Alichoombea ni umbo la shingo yenyewe na namna skrubu ilivyokatwa juu yake ili mfuniko uzibe sawasawa. Mwaka 1949 Earl Tupper alipewa hataza ya chombo cha mdomo mpana na mfuniko wake. Bakuli lenye mfuniko lina umri wa maelfu ya miaka, wala plastiki haikuwa ngeni wakati huo. Kilichobeba hataza ni namna ukingo wa mfuniko laini ulivyoshika ukingo wa chombo. Wote wawili walidai kiungo kidogo kinachofanya kazi mahususi, si chombo kizima. Mbuni wa leo afuate njia hiyo: asikimbilie dai pana litakalomezwa na yaliyotangulia, achimbe hadi aguse kile ambacho kwa hakika amekiongeza yeye.

Lakini upya peke yake hautoshi, na hapa ndipo maombi mengi ya vyombo hukwama. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu kofia ya kufungia kifaa cha kupulizia dawa ya wadudu, ili chupa isivuje ikiwa safarini au dukani. Kwa namna kilivyounganishwa, kifaa kile hakikufanana na kingine chochote. Kilikuwa kimeuzwa kwa wingi, na kilitatua shida iliyowatesa watengenezaji kwa miaka. Hataza ilifutwa hata hivyo. Mwenye kifaa alikuwa amejitetea kwamba hataza ya zamani aliyowekewa mbele ilihusu midomo ya kumiminia, wala haikuhusu dawa ya wadudu. Mahakama ikajibu kwamba tatizo lililokuwepo halikuwa la dawa, lilikuwa la kuziba chupa, na mtu wa fani ya kuziba chupa angetazama midomo ya kumiminia. Uamuzi huo haumfungi mchunguzi wa Dar es Salaam wala Nairobi, lakini hoja yake ni ileile atakayoitumia, kwa kuwa sharti lenyewe ni moja. Fundi wetu akijitetea kwamba lile ni la mvinyo na hili ni la mahindi, ataulizwa: tatizo lako ni la mahindi, au ni la kuzuia hewa juu ya kitu kinachopungua?

Jibu zuri la swali hilo halipatikani kwa ubishi, linapatikana kwenye pipa. Mvinyo ni kimiminika. Uso wake hubaki tambarare hata ukitoa vipi, na mfuniko huelea juu yake bila kuyumba. Mahindi hayafanyi hivyo. Yakitolewa chini katikati, uso wake hudidimia katikati na kuacha shimo lenye kingo za mteremko. Sahani tambarare itakaa juu ya kingo hizo, na chini yake kutabaki mfuko wa hewa, yaani kilekile kilichotakiwa kuondolewa. Isitoshe, vumbi na makapi vitaingia kati ya mpira na ukuta. Anayehamisha mfuniko wa mvinyo na kuuweka kwenye pipa la mahindi bila kubadili kitu atapata pipa lisilofanya kazi. Kama basi fundi ameitengeneza sahani iwe na umbo la koni upande wa chini, mwinamo wake ukilingana na mteremko ambao mahindi yenyewe hujitengenezea, na akaweka ukingo wa kupangusa vumbi mbele ya mpira, ana jambo la kusema ambalo mtengeneza mvinyo hakuwa na sababu ya kulifikiria. Dai lake sasa litaje koni hiyo, mwinamo wake na ukingo wa kupangusa. Bado mchunguzi anaweza kumwonyesha kipangusio cha namna hiyo kwenye mitambo ya hidroliki, na ndiyo maana nguvu ya dai iko katika jinsi viungo vyote vinavyosaidiana kuondoa hewa juu ya nafaka, kuliko katika kiungo kimoja kilichosimama peke yake. Viungo vinavyojulikana vikiwekwa pamoja na kila kimoja kikaendelea na kazi yake ya siku zote, hakuna uvumbuzi. Vikileta pamoja matokeo ambayo mjuzi wa fani asingeyatarajia, upo.

Wapo watakaosema kipimo hiki kinamwonea fundi, kwamba kitu chochote rahisi huonekana wazi baada ya mtu kukitengeneza. Wana hoja. Kuhukumu kwa kutazama nyuma ni hatari ya kweli. Dawa yake ni kumbukumbu za kazi, zilizoandikwa kazi ikiendelea. Andika tarehe, majaribio yaliyoshindikana na sababu zake. Pima unyevu wa nafaka kabla ya kuifungia, hesabu punje zilizotobolewa baada ya kila mwezi, linganisha pipa la sahani tambarare na pipa la sahani ya koni yaliyojazwa siku moja kwa mahindi ya gunia moja. Daftari la namna hiyo linaonyesha kwamba njia ya kawaida ilijaribiwa ikashindwa, na hilo ni jibu lenye uzito kuliko kumwambia mchunguzi kwamba umesumbuka sana. Urahisi wa kifaa haumnyimi mtu hataza. Kinachomnyima ni kushindwa kuonyesha kwamba urahisi huo haukuwa mlangoni mwa kila fundi.

Kisha kuna hatari ambayo haitokani na wengine, inatokana na mbuni mwenyewe. Mason, yule wa chupa, alitengeneza mwaka 1859 angalau dazeni mbili za chupa zenye maboresho mengine, nyingine akazigawa na nyingine akaziuza. Ombi la hataza ya maboresho hayo alilipeleka mwaka 1868. Hataza ilitolewa, lakini ilipofika Mahakama Kuu mwaka 1876 ikaangushwa: uvumbuzi ulikuwa umeshauzwa na kutumiwa hadharani zaidi ya miaka miwili kabla ya ombi, muda ambao sheria ya wakati ule haikuuvumilia. Yaliyomkuta yanaweza kumkuta yeyote anayepanga banda Nane Nane au Sabasaba, anayepeleka kazi kwenye mashindano ya ubunifu, au anayeweka video ya pipa lake kwenye kundi la WhatsApp. Ni kweli sheria ya Kenya inampa mbuni miezi 12 ya msamaha tangu afichue mwenyewe. Usiutegemee. Ulaya haina msamaha mpana wa namna hiyo, na ukitaka soko la huko utakuwa umeshachelewa. Utaratibu salama ni kupeleka ombi kwanza, kisha kuonyesha. Na ukishapeleka ombi la kwanza, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama ukihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Ukilazimika kumwonyesha fundi wa kuchomelea au mfadhili kabla ya hapo, msaini kwanza makubaliano ya kutunza siri.

Pingamizi la mwisho ni zito, nami silipuuzi. Wengine huuliza faida ya hataza iko wapi ikiwa fundi wa mtaa wa pili ataiga pipa wiki ijayo, na gharama za ada, wakili na kesi zinamzidi mbuni uwezo. Naam, hataza si jibu kwa kila chombo. Kama ulichoongeza ni kidogo lakini kipya, ipo hati ya uvumbuzi mdogo, ambayo nchini Kenya haidai hatua ya uvumbuzi na hudumu miaka 10. Tanzania nayo ina hati ya aina hiyo, na ARIPO pia. Kama kilicho chako ni sura tu, sajili sura. Kama nguvu yako ni jina linaloaminika, sajili alama ya biashara. Siri peke yake haikulindi, maana chombo hakifichi kitu: anayekinunua anakifungua na kukipima. Lakini anayesema hataza haina maana asisahau kwamba mwekezaji na kiwanda huuliza kwanza nani mwenye haki, na bila karatasi huna cha kuwakodisha.

Tena upekuzi wenyewe una faida hata unapokukatalia. Hataza ina mipaka ya nchi na ya muda. Iliyosajiliwa Ujerumani pekee haimzuii mtu kutengeneza kitu hicho Morogoro na kukiuza hapa, ingawa inamzuia kukiita kipya. Iliyokwisha muda ni mali ya kila mtu. Fundi anayekuta kwamba wazo lake liliandikwa zamani, lenye michoro na vipimo, kwenye hataza iliyokwisha, amepata mwongozo wa bure wa kutengeneza bidhaa bora. Kukosa haki ya kuwazuia wengine hakumnyimi haki ya kutengeneza na kuuza, mradi ahakikishe hakuna hataza hai ya mtu mwingine nchini mwake.

Basi hukumu iwe hivi. Kama dai lako lina angalau sehemu moja isiyoonekana kwenye andiko lolote ulilokuta, kama unaweza kueleza kwa nini mjuzi wa fani asingeiweka hapo ulipoiweka wewe, na kama daftari lako linaonyesha tofauti iliyoletwa na sehemu hiyo, tafuta wakala wa hataza mara moja, mpe sentensi yako na matokeo ya upekuzi wako; utampunguzia kazi, na ushauri atakaokupa utakuwa wa kitu halisi. Kama sehemu ni mpya lakini huwezi kueleza hatua ya uvumbuzi, omba hati ya uvumbuzi mdogo. Na kama kila sehemu na kila muungano umeshatajwa, hifadhi fedha za ada, nunua bati na mpira, na ushindane kwa ubora na bei. Njia zote tatu ni za heshima. Isiyofaa ni ile ya kulipia ombi la kitu ambacho mwenyewe hujaweza kukieleza kwa sentensi moja.